Kikopo Namba Arobaini na Moja

Kimefika saa mbili kasorobo, kifuniko chekundu,
ndani ya mfuko wa nailoni,
bado kina joto la mwenyewe.
Hakina jina. Kina namba, tarehe,
na mwandiko wa muuguzi anayekimbilia kumaliza zamu:
Kliniki ya methadoni. Mofini, chanya. Hakiki.

Hakiki.
Neno dogo, kama punje ya mchanga kwenye wali.

Mimi nimeshazoea mikojo ya watu.
Mama, kule Barabara ya Kumi na Nne,
hajapata kuwaambia majirani mwanawe anashika nini kutwa;
husema, "Yuko Bombo, anapima," kisha akafunika chungu.
Lakini sijawahi kusoma barua
iliyoandikwa kwa unyoofu kama hii
yenye rangi ya chai ya mkandaa.

Dawa huingia kwa mlango wa mbele,
imeoga, ina jina lake la kwenye boksi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Ini humpokea, humvua kanzu,
humfunga shuka nyingine, humpa jina jingine,
na figo humtoa kwa mlango wa uani
usiku, bila kuaga.
Mji wetu hauoni ajabu: waja leo, waondoka leo.
Ila uani kuna mchanga,
na mchanga wa uani hushika nyayo siku mbili, tatu.

Kazi yangu ni nyayo.

Kile kijikaratasi cha kupimia haraka kina macho mabovu:
kikiona kofia, kinapiga yowe la mwizi.
Mofini ya unga, mofini ya kidonge cha maumivu,
kwake zote ni kofia.
Basi nikawasha mashine,
mtumba wa watu, hunguruma kama friji ya muuza barafu.
Nikatia tone. Nikaomba umeme usikatike.
Vilele vikaanza kuota kwenye kioo:
dakika ya sita, kodeini, ndefu kama mnara wa simu;
ubavuni mwake mofini, fupi, mtoto kashikwa mkono;
na pale ambapo ingesimama alama ya heroini,
alama isiyo na mzazi mwingine,
mstari umelala chini
kama sokoni Ijumaa watu wakiwa msikitini.

Nikafurahi.
Halafu nikajikataza.
Alama ile hukimbia upesi, saa chache tu haipo,
na kutoonekana si kutokuwapo.

Fomu ina visanduku viwili, NDIYO na HAPANA.
Hakuna kisanduku cha jino.
Hakuna cha usiku wa kuuma mto,
wala cha duka la Makorora wanakouza vidonge viwili viwili
katika kipande cha gazeti, bila swali.
Nikaandika pembeni, herufi ndogo, mpaka karatasi ikaniishia:
Kodeini imezidi mofini kwa mbali.
Yaelekea ni kidonge cha maumivu. Sina hakika kamili.
Muulizeni kabla ya kumfuta. Mtazameni kinywa.

Saa saba mchana kijana akasimama dirishani,
shavu moja limejaa kana kwamba kaficha kitumbua.
Hakufuata majibu.
Alitaka kujua choo kiko wapi.
Kabla sijajibu, muuguzi akaita kutoka ukumbini:
"Kaoneka! Kaoneka Shekiondo!"

Nikacheka peke yangu nyuma ya kioo.
Kaoneka. Na waliompa jina
hata mashine hii hawajaisikia.

Nikamwelekeza: kulia, mlango wa pili,
usivute komeo kwa nguvu, limelegea.
Akashukuru kwa upande mmoja wa mdomo.
Najua alichomeza juzi;
mtaa anaokaa siujui.

Kikopo namba arobaini na mbili kilikuwa kinapoa.